Kovu la Moyo: Je, Moyo Uliojeruhiwa Huota Nyama Mpya?

Ndugu msomaji, mfugaji yeyote wa Nangara, hapa Babati, amepata kuliona jambo hili. Ng'ombe apigwapo pembe ubavuni na mwenziwe, jeraha hufunga na kovu hubaki. Na mahali pale manyoya hayaoti tena, hata mnyama anenepe namna gani na mvua zinyeshe miaka mingapi. Ngozi ya kovu hung'aa, ni ngumu, haina kinyweleo wala tundu la jasho. Imeziba tu, haikurudi kuwa kama ilivyokuwa. Lakini mjusi akikatika mkia huota mwingine. Basi kuziba ni jambo moja, na kuota upya ni jambo jingine kabisa. Mwenye kufikiri atauliza: viungo vilivyo ndani ya mwili hufuata njia ipi? Na hasa moyo, ambao haupumziki usiku wala mchana, ukijeruhiwa hupona kwa njia ya ng'ombe au kwa njia ya mjusi?

Swali hili si la wataalamu peke yao. Husikika matangazo ya watu wauzao chupa na unga, wakidai kwamba dawa zao hufufua moyo uliochoka na kuurudishia nyama yake. Mgonjwa mwenye kukata tamaa huuza mbuzi, akanunua. Kwa hiyo ni haki ya kila msomaji kujua elimu ya leo yasema nini, imethibitisha nini, na imekomea wapi.

Yafaa kwanza ifahamike kwamba hatuzungumzi hapa juu ya moyo ule utajwao katika mafundisho ya dini, wenye kuamini na kukana, wenye kulainika na kuwa mgumu. Tunazungumza juu ya pande la nyama lililomo kifuani, ambalo ukubwa wake wakaribia ngumi ya mwenyewe.

Jinsi moyo unavyojeruhiwa

Moyo wa mtu mzima hupiga mara 100,000 hivi kwa siku moja. Kazi hiyo hufanywa na chembe hai za misuli, ambazo hujikunja na kujinyosha zote kwa pamoja. Ajabu ni kwamba moyo, ingawa vyumba vyake vimejaa damu wakati wote, hauishi kwa damu hiyo ipitayo. Ni kama mtu aendeshaye pampu ya kisima naye hakuruhusiwa kunywa maji anayoyavuta. Chakula na hewa vyaufikia kwa mishipa yake maalumu, myembamba, iliyoenea juu ya uso wake. Mshipa mmoja ukizibwa na donge la damu, sehemu iliyokuwa ikilishwa na mshipa huo huanza kufa katika muda wa dakika 20 hadi 40, na baada ya saa 6 hivi sehemu iliyo kubwa imekwisha kufa. Hii ndiyo hali iitwayo mshtuko wa moyo. Katika mshtuko ulio mkubwa, chembe zinazopotea zaweza kufikia bilioni 1.

Je, mwili hufanya nini? Katika siku za kwanza chembe nyeupe za damu huingia mahali pale kwa wingi na kuyaondoa mabaki ya chembe zilizokufa. Wakati huo ukuta wa moyo ni laini, na pengine hupasuka. Ndiyo sababu daktari humkataza mgonjwa kubeba mzigo, hata kama maumivu yamekwisha na yeye mwenyewe ajiona mzima. Kisha huja chembe nyingine, ambazo wataalamu huziita faibroblasti, nazo ni kama wafumaji. Hufuma nyuzi imara za kolajeni, yaani kitu kile kile kinachozifanya kano za nyama kuwa ngumu mdomoni. Baada ya wiki 6 hadi 8 pengo limezibwa, na kovu limekuwa imara.

Wengi wakisikia habari hii hulilaumu kovu. Mimi sioni kwamba lastahili lawama. Lau kovu lisingalifumwa upesi, ukuta wa moyo ungalipasuka kwa nguvu ya damu, na mtu angalikufa katika juma lile lile. Kovu lamwokoa. Lakini gharama yake ni kubwa. Kovu halijikunji, halisukumi hata tone moja la damu. Misuli iliyobaki hulazimika kufanya kazi yake na kazi ya iliyokufa, nayo ikichoka hutanuka, na moyo mzima hupanuka kama mfuko uliolegea. Miezi au miaka ikipita, mtu huanza kuvimba miguu, hukosa pumzi apandapo mlima mdogo, na usiku hawezi kulala bila mito mingi. Tena pigo la moyo husafiri katika misuli kwa njia ya umeme mdogo sana, na kovu haliupitishi umeme huo sawasawa. Umeme ukizunguka pembeni mwa kovu na kurudi ulikotoka, mapigo hupotea utaratibu, na kifo cha ghafula chaweza kutokea miaka mingi baada ya jeraha lenyewe.

Wala si mshtuko wa moyo peke yake uletao kovu. Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, katika miaka ya 1940, daktari J. N. P. Davies wa hospitali ya Mulago, Kampala, aliichunguza mioyo ya maiti akaeleza ugonjwa ambao ndani yake ngozi ya ndani ya vyumba vya moyo imefunikwa na kovu nene, jeupe, hata vyumba vikawa vidogo na damu ikakosa nafasi ya kuingia. Mishipa ya moyo haikuwa imezibwa. Kovu lilifumwa kwa sababu nyingine. Ugonjwa huo uliwapata zaidi watoto na vijana wa jamaa maskini. Tangu siku hizo wataalamu wamedhania vimelea, upungufu wa chakula bora, na hata madini ya ardhini, lakini chanzo chake hakijathibitishwa mpaka leo.

Je, moyo hautoi chembe mpya kabisa?

Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba mtu huzaliwa na chembe zake za moyo na kufa nazo, bila kuongezewa hata moja. Njia iliyotumika kulichunguza jambo hili ni ya kushangaza, nami naieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu yaonyesha jinsi kitu kilichofanywa kwa nia ya kuua kilivyoweza kutumiwa kwa elimu.

Katika miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960, mataifa makubwa yalijaribu mabomu ya nyuklia angani. Majaribio hayo yaliongeza hewani aina ya kaboni iitwayo kaboni 14. Mimea yote duniani iliivuta, mahindi ya bonde la Babati yakiwa miongoni mwake, na watu wote waliokula mimea hiyo, au wanyama walioila, wakaiingiza miilini mwao. Baada ya mkataba wa mwaka 1963 wa kuyakataza majaribio ya angani, kiasi chake kilianza kupungua mwaka hata mwaka. Basi chembe hai inapozaliwa hubeba katika urithi wake kiasi cha kaboni 14 kilichokuwapo duniani mwaka ule, kama sarafu iliyopigwa muhuri wa mwaka wake.

Mwaka 2009 wataalamu wa Taasisi ya Karolinska, Stockholm, walichapisha matokeo ya kuusoma muhuri huo katika mioyo ya watu waliokufa. Walikuta kwamba mtu wa miaka 25 hubadilisha kiasi cha asilimia 1 ya chembe za misuli ya moyo wake kwa mwaka, na mzee wa miaka 75 hubadilisha asilimia 0.45 hivi. Kwa maisha yote ya mtu, chini ya nusu ya chembe hizo hubadilishwa. Kwa hiyo vitabu vya zamani vilikosea: chembe mpya zipo. Lakini kwa kasi hiyo, nani atangoja bilioni 1 zilizopotea asubuhi moja? Mshtuko hutukia kwa saa, na chembe huja kwa miaka. Wafumaji wa kovu humaliza kazi yao zamani.

Watoto wachanga na panya wa Laikipia

Hata hivyo, yako viumbe ambayo moyo wake huota. Mwaka 2002 ilichapishwa habari ya samaki mdogo wa Asia, mwenye milia kama ya punda milia, ambaye hukatwa kiasi cha asilimia 20 ya chumba kikubwa cha moyo wake, na baada ya miezi 2 hivi moyo wake umekamilika tena. Watu walisema: huyo ni samaki, damu yake ni baridi, moyo wake wasukuma kwa nguvu ndogo, sisi tunyonyeshao watoto wetu tuko mbali naye.

Lakini mwaka 2011 wataalamu wa Dallas, Marekani, waliujaribu moyo wa panya wa maabara aliyezaliwa siku ile ile. Waliikata ncha ya moyo wake, nao katika muda wa wiki 3 ukaota nyama mpya, pasipo kovu la maana. Wakamjaribu panya aliyefikisha siku 7, na huyo alipata kovu kama mzazi wake. Tazama, ndugu msomaji! Uwezo ulikuwapo, na katika juma moja ulikwisha ondoka. Mwaka 2018 nguruwe wachanga nao walionekana kuwa na uwezo huo kwa siku 2 au 3 tu tangu kuzaliwa. Na mwaka 2016 madaktari wa Austria waliandika habari za mtoto wa binadamu aliyepata mshtuko mkubwa wa moyo mara tu alipozaliwa, na moyo wake ukarudi kufanya kazi vizuri. Habari ya mtoto mmoja haitoshi kuwa hoja, tena hakuna awezaye kumpasua mtoto aliyepona ili kuona kama nyama ile ni mpya. Lakini inapatana na hayo mengine.

Kwa nini uwezo huo huondoka? Jibu kamili halijapatikana, ila sehemu yake yajulikana. Mtoto akiwa tumboni huishi katika hewa safi iliyo haba. Akizaliwa na kuvuta pumzi, hewa hiyo humjaa ghafula. Moyo wake huacha kutegemea sukari na kuanza kuchoma mafuta ya maziwa ya mama yake, na moto huo mkubwa zaidi hutoa mabaki yenye kudhuru urithi uliomo ndani ya chembe. Chembe za moyo hapo huacha kujigawa, zikajitia katika kazi moja tu ya kusukuma. Wengine huongeza kwamba moyo wenye kusukuma kwa nguvu kama wetu haukuweza kungoja miezi 2 kama wa samaki. Ulihitaji kiraka cha haraka, hata kama kiraka si nguo. Naona rai hii ina nguvu, ingawa ni vigumu kuithibitisha.

Sasa tuje karibu na kwetu. Katika vilima vya mawe vya Laikipia, Kenya, yuko panya ambaye mgongo wake una manyoya magumu kama miiba. Tumwite panya-miiba. Jamaa wengine wa kundi lake wapo Tanzania pia, katika sehemu kavu. Ukimkamata panya huyu, ngozi yake hukubakia mkononi naye akakimbia, kwa kuwa ngozi hiyo ni dhaifu mara 20 hivi kuliko ya panya wa kawaida. Mwaka 2012 Ashley Seifert na wenzake, akiwamo Stephen Kiama wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walieleza katika jarida la Nature kwamba panya-miiba aweza kupoteza hata asilimia 60 ya ngozi ya mgongo wake, na ngozi hiyo ikaota tena pamoja na manyoya na miiba yake. Tundu la milimita 4 likitobolewa sikioni mwake, huziba kabisa, na gegedu lake likarudi. Mkumbuke yule ng'ombe mwenye kovu lisiloota manyoya: huyu ni mnyama anyonyeshaye kama yeye, mwenye damu ya moto kama yeye, tena ni mzima, si mchanga, naye hafuati sheria ile.

Bila shaka wengi waliuliza: ikiwa ngozi yake yaweza, je, moyo wake? Maabara kadhaa zikamchukua ndugu yake ajulikanaye kwa jina la mji wa Cairo, afugikaye kwa urahisi, wakamfunga mshipa mmoja wa moyo akiwa amelazwa kwa dawa, na kumlinganisha na panya wa kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Moyo wa panya-miiba ulipata kovu, lakini lilikuwa dogo zaidi. Ukuta wa moyo haukukonda kama wa yule mwingine, na nguvu ya kusukuma damu ilihifadhika vizuri zaidi. Hayo si sawa na moyo wa samaki kuota wote. Ni hali iliyo katikati. Lakini yatosha kutuonyesha kwamba kovu kubwa, gumu, si hukumu iliyoandikwa juu ya kila mnyama anyonyeshaye.

Tahadhari juu ya madai

Hapa pana jambo ambalo msomaji lazima alijue ili asidanganyike. Mwaka 2001 maabara moja ya Marekani, yenye sifa kubwa, ilitangaza kwamba chembe za uboho wa mifupa zikidungwa katika moyo wa panya uliojeruhiwa hugeuka kuwa misuli mipya. Dunia ilifurahi. Katika nchi kadhaa wagonjwa walianza kudungwa uboho wao wenyewe moyoni. Mwaka 2004 maabara nyingine zilirudia jaribio lile, na hazikuona misuli yoyote mipya. Lakini furaha haikupungua upesi, wala fedha hazikuacha kumiminwa. Ilipofika mwaka 2018, Chuo Kikuu cha Harvard pamoja na hospitali yake vikayataka majarida kuziondoa makala 31 za mkuu wa maabara iliyoyaeneza madai ya namna hiyo, kwa kuwa ndani yake mlikuwamo takwimu na picha zilizobuniwa au kugeuzwa.

Jina kubwa halikuwa ushahidi, wala halikuwa kamwe. Tabibu Mwislamu Ibn al-Nafis, aliyefariki Cairo mwaka 1288, alikuta madaktari wote wakifuata maneno ya Galen, Myunani aliyetangulia kwa zaidi ya miaka 1000, kwamba damu hupenya katika matundu yaliyomo katika ukuta ulio kati ya chumba cha kulia na cha kushoto cha moyo. Ibn al-Nafis alisema wazi kwamba ukuta huo hauna matundu, na kwamba damu hupitia mapafuni. Alikuwa na haki, na wengi hawakumsikiliza kwa karne nyingi.

Basi neno lenyewe ni hili: hadi leo haipo dawa iliyothibitishwa, ya hospitali wala ya miti, yenye kuigeuza nyama ya kovu katika moyo wa mtu mzima iwe misuli tena. Mwenye kuuza dawa kwa dai hilo, muulize ni nani aliyeipima na wapi. Lakini pasiwe na mtu wa kusema kwamba hospitali basi haina faida. Vidonge vya jamii ya enalapril huupunguzia moyo mzigo na kuuzuia usitanuke baada ya kupata kovu, na vimerefusha maisha ya wengi. Asiviache mgonjwa kwa sababu amejisikia nafuu, maana nafuu hiyo huenda ni kazi ya vidonge. Na mtu apatwaye na maumivu mazito ya kifua, yenye kubana na kuelekea bega au taya, pamoja na jasho la baridi, apelekwe hospitali ya mji pale Mrara saa ile ile, asingojee asubuhi. Dakika zile tulizozitaja hapo juu zahesabiwa tangu mshipa ulipoziba.

Kovu la watoto wetu

Katika nchi zetu kovu la moyo liwapatalo vijana mara nyingi huwa katika milango ya moyo, iitwayo vali, wala halitokani na mshipa kuziba. Huanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 huumwa koo kwa kijidudu kiitwacho streptokoki. Baada ya wiki 2 au 3 kinga ya mwili wake, ikidhani yapigana na kijidudu, huishambulia milango ya moyo, na viungo vya mwili huvimba na kuuma kimoja baada ya kingine. Hii ni homa ya baridi yabisi. Viungo hupona, milango hupata kovu. Homa ikirudi mara ya pili na ya tatu, kovu huongezeka juu ya kovu, milango ikawa minene, ikashikana, damu ikapita kwa shida au ikavuja kurudi nyuma. Hapo hubaki upasuaji, ambao hufanyika Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, nayo ni safari ndefu na gharama nzito kwa mtu wa Babati.

Na yote hayo yalikuwa yakizuilika kwa penisilini. Koo la namna hiyo likitibiwa ndani ya siku 9 tangu lianze kuuma, homa ya baridi yabisi huzuilika. Mtoto aliyekwisha kuugua homa hiyo hudungwa sindano ya penisilini ya kudumu kila wiki 3 au 4, kwa miaka mingi, pengine hadi utu uzima, hata kama acheza mpira na haonyeshi ugonjwa wowote. Wazazi wengi huacha mwaka wa pili kwa sababu mtoto ni mzima na sindano yauma. Wasichana wahitaji uangalifu zaidi. Mwanamke ashikapo mimba damu yake huongezeka karibu kwa nusu, na mlango uliokuwa mwembamba kwa kovu, ambao hakuujua, huanza kumbana pumzi katika miezi ya katikati na ya mwisho. Mama aliyewahi kuvimba viungo kwa homa utotoni amweleze muuguzi wa kliniki tangu siku ya kwanza, kabla hajaulizwa.